Nuru ya Jikoni ni ya Nani?

Nyumba nyingi zinazojengwa leo pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Goba au Kigamboni, hufuata utaratibu mmoja wa taa. Fundi jipsamu hutumia siku nyingi sebuleni: dari yenye ngazi, taa ndogo zilizofichwa kwenye kingo, taa kubwa ya vioo ikining'inia katikati. Chumba cha wageni hupata taa ya ukutani, na baraza la mbele taa mbili za nguzo. Fedha zinapokaribia kuisha ndipo fundi umeme anapofika jikoni, akafunga balbu moja katikati ya dari na kukusanya vifaa vyake. Ukuta hupakwa rangi iliyobaki kwenye ndoo.

Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba jiko linastahili kiza. Uamuzi ulijifanya wenyewe, kidogo kidogo, kila fedha zilipogawanywa. Hata hivyo ni jibu kamili la swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia kwa muda mrefu: uzuri uliomo ndani ya nyumba ni wa nani? Ni wa mgeni atakayekaa saa moja na kuaga, au ni wa mtu anayesimama mahali pale asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka, kisu mkononi na moto mbele yake?

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu viungo vya wanyama, anasimulia kisa cha Heraclitus, mwanafalsafa wa Efeso aliyeishi kati ya karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo. Wageni walikwenda kumtembelea wakamkuta jikoni akiota moto. Wakasita mlangoni. Heraclitus akawaambia waingie bila wasiwasi, kwa kuwa hata hapo miungu ipo. Aristotle alikitumia kisa hicho kuwatetea wanaochunguza wanyama wadogo wanaodharauliwa, akisisitiza kwamba hakuna kiumbe kisicho na la kustaajabisha ndani yake. Lakini sehemu nzito ya kisa ni ile miguu iliyosita. Wageni hawakuitilia shaka hekima ya mwenyeji wao. Walichokitilia shaka ni chumba alichomo.

Kusita huko kuna mizizi miwili, na haifai kuichanganya. Mmoja ni dharau tupu kwa kazi ya mikono, hasa kazi ya wanawake na watumishi. Mwingine una heshima zaidi, nao ni hofu ya ubadhirifu. Mtu mcha Mungu anaweza kuuliza kwa moyo safi kama kuna haja ya kupamba mahali pa kukaangia vitunguu wakati jirani hana unga. Katika Uislamu swali hilo lina aya zake. Aya ya 31 ya Sura Al-A'raf inakataza israfu. Aya ya 32, inayoifuata papo hapo, inawahoji wale wanaoharamisha mapambo na riziki njema. Msomaji anayezichukua pamoja hawezi kukimbilia upande mmoja. Anatakiwa kupima.

Upande wa Ukristo, mapimo hayo yalifanywa kwa ukali na Bernard wa Clairvaux. Mnamo 1125 aliandika waraka wa kuwashutumu watawa waliozivika dhahabu kuta za makanisa huku maskini wakikosa nguo. Shirika lake la Cistercian lilichukua msimamo huo kwa dhati, na kanuni zake za karne ya 12 zikataka vioo vya madirisha viwe vyeupe, bila rangi wala picha. Matokeo yake yanaonekana hadi leo katika abasia ya Le Thoronet, kusini mwa Ufaransa. Kuta ni mawe matupu. Jua huingia kwa madirisha machache na kutembea juu ya mawe hayo tangu alfajiri hadi jioni, na mtu aliyesimama mle ndani hahisi kwamba amenyimwa kitu. Watawa wale waliliacha pambo, mwanga hawakuuacha.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kutengana. Kuna uzuri unaotafuta kutazamwa, nao ndio hasa unaolemewa na maonyo ya dini. Na kuna uzuri unaomhudumia aliyemo ndani: mwanga wa kutosha, ukuta safi, rangi isiyochosha macho, dirisha mahali linapohitajika. Huu wa pili hauwezi kuitwa israfu kwa urahisi, kwa sababu hakuna kilichomwagika. Cha ajabu ni kwamba nyumba nyingi huutumia wa kwanza bila kujibana, kisha hugundua wajibu wa kubana matumizi zinapofika kwenye mlango wa jiko.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakasema jiko lenyewe ni mahali pa ibada. Dogen, mtawa wa Kijapani aliyeanzisha madhehebu ya Soto ya Zen, alifika China mwaka 1223 akiwa kijana mwenye kiu ya elimu. Akiwa bado melini bandarini, alikutana na mpishi wa monasteri mwenye umri wa miaka 61, aliyekuja kununua uyoga kwa wafanyabiashara wa Japani. Dogen alishangaa kwa nini mzee wa heshima kama huyo ahangaike na upishi badala ya kutafakari na kusoma. Mzee alicheka, akamwambia kwamba bado hajaelewa njia wanayoifuata. Mwaka 1237 Dogen aliandika maelekezo kwa mpishi wa monasteri: namna ya kuosha mchele, kuangalia mchanga usipite, kuweka kila chombo mahali pake. Kwake mambo hayo hayakuwa maandalizi ya kazi ya kiroho. Yalikuwa kazi ya kiroho yenyewe. Karne tatu baadaye Teresa wa Avila, Mhispania mwanzilishi wa konventi nyingi za Wakarmeli, aliwaandikia masista wake kwamba Bwana yupo hata katikati ya masufuria.

Imani ya namna hiyo ikijengewa nyumba, huonekanaje? Washaker, jumuiya ya Kikristo ya Marekani, walijaribu kujibu kwa mbao na matofali. Kiongozi wao, Ann Lee, mzaliwa wa Manchester, alivuka bahari na wafuasi wachache mwaka 1774. Walikula kiapo cha useja, wakamiliki mali kwa pamoja, na wakaamini kwamba kazi iliyofanywa vizuri ni sala. Mwaka 1830, huko Hancock, jimbo la Massachusetts, walijenga nyumba ya matofali ya kukaa watu wapatao 100. Kuta za ndani walizipiga lipu nyeupe laini. Mbao za makabati wakazitia rangi ya machungwa inayong'aa. Maji ya chemchemi yaliletwa kwa bomba hadi ndani ya jiko, yakitokea sehemu tatu. Katika majengo yao mengine walikata madirisha hata kwenye kuta za ndani, ili mwanga wa chumba kimoja ukisaidie chumba cha pili kisichogusa nje. Masista walipika kwa zamu. Jumuiya iliyokataa mapambo karibu yote haikuona sababu ya kumnyima mpishi mwanga, maji na rangi changamfu.

Kumpa mpishi mwanga kuna sayansi yake, na sayansi hiyo huifanya hoja ya kumheshimu iwe ya kushikika. Balbu moja katikati ya dari hutupa mwanga mgongoni mwa mpishi. Akisimama kwenye kaunta au sinki, kivuli chake mwenyewe huangukia ubao wa kukatia, mahali hasa kisu kinaposhuka. Tiba ni kuhamisha taa: ziwekwe juu ya ukingo wa kaunta, au chini ya makabati ya ukutani, ili mwanga utue mbele ya mikono. Kiwango cha Ulaya kwa majiko ya kazi ni laksi 500 kwenye eneo la kufanyia kazi.

Macho nayo hayalingani. Lenzi ya jicho huingia umanjano kadiri umri unavyosonga na mboni hupungua upana, kiasi kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Bibi anayechagua mchele kwenye ungo saa moja jioni hajawa mzembe anapoacha kijiwe kikapita. Nyumba ndiyo iliyompunguzia mwanga alipouhitaji zaidi.

Gharama haiwezi tena kuwa kisingizio. Akasaki, Amano na Nakamura, wanasayansi wazaliwa wa Japani walioibuni diodi ya mwanga wa buluu, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, kwa kuwa bila buluu hiyo balbu nyeupe za LED zisingewezekana. Leo balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Kinachohitaji umakini dukani ni maandishi ya boksi. Herufi Ra huonyesha uaminifu wa rangi katika kipimo kinachoishia 100. Taa yenye Ra ya 90 na zaidi huonyesha wekundu wa nyama na ukijani wa mchicha ulivyo, ilhali taa duni huvifanya vyote vifanane na majivu. Herufi K huonyesha joto la rangi: 2700 ni umanjano wa jioni, 4000 ni weupe wa wastani, 6500 ni weupe mkali wenye ubuluu.

Rangi ya ukuta nayo ni sehemu ya taa. Nyeupe safi hurudisha chumbani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoigusa. Kahawia iliyokolea humeza sehemu kubwa. Ndiyo maana jiko dogo lenye dari nyeupe na kuta za krimu au njano hafifu huonekana pana, na balbu ileile huonekana kuongezeka nguvu. Rangi ya mafuta hufutika masizi kwa kitambaa, jambo ambalo rangi ya maji ya bei ndogo hailistahimili. Na pale ambapo mzee anapika, ukingo wa kaunta uwe na rangi tofauti na sakafu, na ubao wa kukatia vitunguu uwe wa rangi iliyokolea, ili jicho litambue kitu kinapoishia. Mapambo ya namna hii hayamvutii mpiga picha, lakini yanaokoa vidole.

Je, basi, mwanga na rangi vikipangwa vizuri, haki imetimia? Historia inatoa tahadhari mbili.

Ya kwanza inatoka Frankfurt. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Vienna, alibuni jiko la nyumba za gharama nafuu zilizosimamiwa na Ernst May, mkuu wa ujenzi wa jiji hilo. Lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alijifunza kutoka kwa majiko ya mabehewa ya chakula ya treni, akapima hatua za mpishi kati ya moto, sinki na kabati. Meza ya kazi aliiweka chini ya dirisha. Taa iliteleza kwenye reli ya dari ili imfuate mpishi. Makabati yalipakwa buluu yenye ukijani, kwa kuwa iliaminiwa kwamba nzi huikimbia rangi hiyo. Majiko yapatayo 10,000 yalijengwa. Schütte-Lihotzky alikusudia kumpunguzia mwanamke uchovu ili apate muda wa mambo mengine. Lakini chumba kilimtosha mtu mmoja tu. Miaka ilivyopita, wakosoaji wengi waliona kwamba kilimfungia mwanamke peke yake, mbali na watoto na mazungumzo ya nyumba, na kwamba udogo wake wenyewe uliwaambia wengine kuwa kazi ile haiwahusu.

Ya pili iko karibu na nyumbani. Katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba za mawe za karne ya 18 ziliyapa mgongo mapito ya nje. Mwanga ulishuka kwenye kiwanda, ua ulio wazi katikati ya nyumba, ukapita misana, yaani kumbi zilizofuatana, ukazidi kufifia hadi kufika ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa vyumba, kwa hiyo vilikuwa vyembamba na virefu. Chokaa nyeupe na zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwa ustadi na kupangwa ukuta mzima, viliupokea mwanga uliochoka na kuurudisha kwa upole. Jiko mara nyingi lilikuwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na joto vipate pa kutokea. Kwa hesabu ya mwanga na hewa, jiko hilo lilikuwa miongoni mwa sehemu bora za nyumba. Lakini katika nyumba za matajiri, wengi wa waliopanda ngazi hadi huko na maji na kuni walikuwa watumwa. Jua la kutosha halikuwafanya wawe huru.

Tahadhari hizo mbili zinaisahihisha hoja bila kuiangusha. Mwanga ni heshima ya chini kabisa ambayo nyumba inaweza kumpa anayeifanyia kazi. Haumalizi deni la haki, ila kuunyima ni kulikana deni lenyewe.

Na deni hilo Afrika Mashariki ni zito kuliko swali la taa. Nyumba nyingi mpya zina majiko mawili. Lililomo ndani lina marumaru, kabati za kung'aa na jiko la gesi lisilowashwa mara nyingi. Hilo ndilo linaloonyeshwa kwa mgeni. Lililoko uani, kibanda cha mabati chenye mafiga au jiko la mkaa, ndilo linalopika maharage na makande. Huko hakuna swichi. Ukuta umekuwa mweusi, na weusi ule ndio uleule unaoingia kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Tanzania ilizindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Mkakati huo husomwa kama suala la misitu na afya, na ni sahihi kusomwa hivyo. Lakini pia ni jibu kwa kauli ya Heraclitus: kama chumba kile nacho kina utukufu, basi aliyemo hapaswi kutoka na machozi na kikohozi.

Hata kabla ya umeme kufika, kuna linalowezekana. Mwaka 2002 fundi wa Brazil, Alfredo Moser, alitoboa paa, akachomeka chupa ya plastiki iliyojaa maji na dawa kidogo ya kuulia vijidudu, nusu nje na nusu ndani. Maji yalilipinda jua la mchana na kulitawanya chumbani kwa nguvu inayokaribia balbu ya wati 40 hadi 60. Ubunifu huo umesambaa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Kibanda cha mabati cha uani ndicho mahali pake hasa, mradi paa hilohilo lipate pia tundu la kutolea moshi.

Lipo pingamizi moja linalostahili kusikilizwa kwa makini. Mwaka 1933 mwandishi wa Kijapani Tanizaki Jun'ichirō alichapisha insha ya kukitetea kivuli. Alilalamika kwamba taa za umeme zilikuwa zinaua uzuri wa vitu vilivyotengenezwa ili vionekane katika nusu giza, kama bakuli la mti lililopakwa laka ambamo supu hukaa kimya na weusi wake. Mtu yeyote aliyewahi kula chakula cha jioni chini ya taa ya 6500 K, nyeupe na baridi, anaelewa alichokisema. Nyumba iliyowashwa yote kwa ukali uleule hupoteza tofauti kati ya kazi na pumziko, na umeme unaochomwa bila sababu nao ni israfu.

Lakini Tanizaki aliandika kutoka upande wa mlaji, aliyeketi na bakuli mkononi. Aliyekata vitunguu vya supu ile alihitaji kuona. Pande zote mbili hukidhiwa na swichi mbili: moja ya taa nyeupe za kaunta zinazowaka wakati wa kazi, nyingine ya taa yenye umanjano juu ya meza ya kulia, inayobaki kazi inapokwisha. Hapo hata anayepika hupata saa yake ya kukaa kivulini pamoja na wengine, jambo ambalo jiko la Frankfurt lilisahau kumpangia.

Kazi inayobaki ni ya mazungumzo, na wakati wake ni mapema kuliko watu wanavyodhani. Dirisha likiwa bado kwenye ramani, kulihamisha kutoka mgongoni mwa mpishi hadi mbele yake ni kazi ya penseli na dakika tano. Ukuta ukishafika lenta, ni kazi ya tindo, saruji na vibarua. Kwa kawaida mezani pa ramani huketi baba, mchora ramani na fundi, mama akiitwa kuchagua rangi ya vigae mwishoni. Bibi anayechagua mchele haitwi. Dada wa kazi, ambaye huenda ndiye atakayesimama jikoni saa nyingi kuliko wote, haitwi kabisa, ingawa yeye ndiye anayejua kivuli huangukia wapi saa kumi na mbili jioni, moshi huelekea upande gani upepo wa kusi ukivuma, na ni kona ipi ambayo mtoto hupenda kukaa akisubiri ukoko.